Uniti Tano na Nukta Sita

Ukitaka kumchokoza Mama Wati, mwambie, "Fundi, weka tu inayotosha." Basi umeyataka mwenyewe. Ataweka mkoba wa vifaa chini, atavua miwani, ataifuta kwa ncha ya shati polepole, kisha atakutazama. "Inayotosha nini? Inamtosha nani? Kwa masaa mangapi?" Na wewe uliyedhani umeita fundi utajikuta umekaa wima kama mtoto wa shule aliyesahau kufanya kazi ya nyumbani.

Jina hilo alipewa na mafundi wenzake, wanaume watupu, enzi zile wakimcheka: mwanamke mfupi, ngazi ndefu, na daftari lisilobanduka kwapani. Leo haohao wakikwama wanampigia simu, tena kwa sauti ya upole. Kazi yake ni kuweka umeme wa akiba majumbani, betri na inveta inayogeuza umeme wa betri uwe wa ukutani, ili umeme wa barabarani ukikatika nyumba iendelee kuishi. Wengine wanauza betri kama viazi: kubwa, ndogo, chagua, chukua. Yeye hagusi waya mpaka apige hesabu ya nyumba, kitu kwa kitu, chumba kwa chumba. Kila mtu wa nyumba humhoji peke yake, chumbani mwake, mlango umerudishwa. Halafu anasoma mita na kuondoka, na kesho yake saa ileile anarudi kuisoma tena. Maneno ya watu yakilingana na namba ya mita, ndipo anapotaja betri.

Unadhani anapenda kujipa kazi? Hapana. Amewahi kuumwa. Kinyozi mmoja alimwambia ana taa tatu na mashine za kunyolea, basi. Friza la shemeji yake, lililokuwa stoo nyuma ya magunia, hakulitaja hata kwa bahati mbaya. Mwezi wa pili betri ikavimba, ikatoa moshi, na wateja wakatimka barabarani na vichwa vimenyolewa nusu. Tangu siku hiyo Mama Wati haamini neno la mwenye nyumba, hata aape vipi. Hasemi kwamba watu ni waongo. Anasema wanaona haya, na mtu mwenye haya anaficha vizuri kuliko mwizi.

Sasa, Jumatatu moja aliitwa na mwoka mikate.

Huyu bwana alikuwa akifanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha mikate: anatoka nyumbani saa kumi na mbili jioni, anarudi saa moja asubuhi na unga masikioni, anakaa kidogo na mama yake, kisha analala mpaka alasiri. Mama yake alikuwa na ugonjwa wa mapafu. Daktari alimwandikia mashine ya oksijeni, ile ya kuchomeka ukutani, inayovuta hewa ya chumbani na kuichuja, ikampelekea mgonjwa puani kwa mpira mwembamba. Bila umeme, mashine ile ni kabati tu.

"Mambo ni mawili, fundi," mwoka mikate alisema hata kabla ya kumkaribisha kiti. "La kwanza, Alhamisi wanakata umeme mtaa mzima, kutwa nzima. Wanabadilisha transfoma. La pili, Jumapili nasafiri. Nimepata kazi kiwanda kikubwa, mbali, nitasimamia matanuri. Mkataba wa miaka miwili. Siwezi kumwacha mama na umeme huu wa kubahatisha. Nikijua mashine yake haizimi, naondoka roho yangu imetulia. Nikiwa na wasiwasi, siondoki. Nimeshasema."

"Anatumia masaa mangapi?"

"Manne. Mawili asubuhi, mawili jioni. Mbele ya macho yangu."

Mama Wati akaandika nne, kwa penseli. Wino huwa anauweka baadaye.

Wakaanza kuzunguka. Sebuleni taa na televisheni. Jikoni friji la zamani linalonguruma na kunyamaza. Uani, chumba cha mwoka mikate mwenyewe, kitanda, feni na sanduku la safari lililokwisha kufungwa kamba.

"Chumba hiki usikihesabu," akasema. "Sitakuwepo."

"Kila chumba kina mstari wake kwenye daftari langu. Wewe hata usipohesabiwa, mita inakuhesabu."

"Basi kiandike, lakini uache wazi."

Akaandika "chumba cha uani", akaacha wazi. Haikumpendeza. Mstari mtupu humwasha kama kola mpya.

Akamfuata mama mdogo, yaani mdogo wake yule mgonjwa, mwanamke mnene mcheshi aliyehamia hapo kumtazama dada yake. Mama mdogo alionyesha chumba chake kwa mkono mmoja, kama mtu anayefukuza nzi. "Taa moja, simu moja. Mimi ni mtu wa jua, fundi. Likizama nami nimezama."

Mwisho akaingia kwa mgonjwa, akarudisha mlango.

Mama alikuwa ameketi kitini, nywele zimechanwa, mikono mapajani, mtu aliyejiandaa kupokea mgeni. Mashine ilikuwa pembeni ya kitanda, imezimwa, na chini yake blanketi kuukuu lililokunjwa mara nne.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Hili blanketi la nini?"

"Isikwaruze sakafu."

"Mashine hii unaiwasha masaa mangapi kwa siku?"

"Manne. Siku nyingine hata sifikishi."

"Na usiku?"

"Usiku? Nani anawasha mashine na yeye kalala?" Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, akakimeza kwa nguvu mpaka macho yakamlenga machozi. "Andika manne, mwanangu, usihangaike."

Mama Wati akainama nyuma ya mashine akanakili kila kilichoandikwa pale. Wati mia tatu na hamsini. Palikuwa pia na kidirisha kidogo chenye namba, kama kile cha kilomita kwenye gari, kinachohesabu saa ambazo mashine imefanya kazi tangu izaliwe. Akanakili na hiyo: 4,218. Hakuwa na shaka yoyote. Yeye hunakili kila kitu, hata jina la kiwanda cha soketi, na mumewe humtania kwamba siku moja atanakili chapa ya kijiko.

Saa tisa kamili akasoma mita: zimebaki uniti 61.4. Akaaga.

Usiku ule alijumlisha mezani kwake. Friji, uniti moja na nukta mbili. Taa, televisheni na simu zote, nukta sita. Feni ya mwoka mikate, nukta tano, maana kwa mita hawezi kuiruka. Mashine ya mama, wati mia tatu na hamsini mara saa nne, uniti moja na nukta nne. Jumla tatu na nukta saba. Nyumba ndogo, hesabu nyepesi. Akalala.

Jumanne saa tisa alirudi. Mama mdogo ndiye aliyefungua mlango, kidole mdomoni, maana mwoka mikate alikuwa bado amelala. Mama Wati akaenda moja kwa moja kwenye mita. Akaisoma. Akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

50.6.

Uniti kumi na nukta nane kwa siku moja! Wao wamemwambia tatu na nukta saba. Saba na nukta moja zimekwenda wapi? Akahisi damu inampanda. Kinyozi huyo, karudi kwa sura nyingine.

"Mama mdogo," akasema kwa sauti ya chini, na sauti yake ya chini ndiyo mbaya. "Twende chumbani kwako."

"Nimeshakwambia, mimi taa na simu—"

"Twende."

Walipofika, Mama Wati hakuuliza. Alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda, akatoa ndoo, na ndani ya ndoo hita ya kuchemshia maji, ile ya chuma kilichojikunja, waya umefungwa kwa leso.

"Loo!" mama mdogo akashika kinywa. "Fundi, nisitiri. Mtoto alinikataza, anasema inamaliza umeme. Lakini maji ya baridi na mifupa hii! Nusu saa asubuhi, nusu saa jioni, basi, naapa."

Wati elfu moja na mia tano, saa moja. Uniti moja na nusu. Mama Wati aliitoa pale pale, amesimama, daftari limeegemea ukuta. Zikabaki tano na nukta sita.

"Bado," akasema. "Kuna kitu kingine."

Na mama mdogo, mcheshi yule, akairudisha ndoo chini ya kitanda. Aligeuza uso akaanza kukunja leso iliyokwisha kukunjwa.

Hapo ndipo Mama Wati alipofanya hesabu ambayo hakutaka kuifanya. Aligawa tano na nukta sita kwa wati mia tatu na hamsini. Ikaja kumi na sita, bila masazo. Saa kumi na sita. Ongeza nne zilizotajwa. Ishirini.

Alifunga daftari.

Akabisha chumbani kwa mgonjwa na kuingia kabla hajakaribishwa. Mama alikuwa ameketi vilevile, mikono mapajani, mashine imezimwa. Lakini mpira wa puani ulikuwa bado unaning'inia ubavuni mwa kitanda, unacheza. Mama Wati akaweka kiganja juu ya mgongo wa mashine. Ya moto. Akainama kwenye kidirisha: 4,238.

"Mama," akasema, "tangu jana saa tisa kama hizi hadi sasa, mashine hii imefanya kazi masaa ishirini."

Akalishika blanketi.

"Blanketi hili si la sakafu. Ni la kumeza sauti."

Mama akanyoosha mkono, akavaa mpira wake, akabonyeza swichi. Mashine ikaanza kupumua. Alivuta hewa mara tano sita kabla ya kusema, na Mama Wati akaona rangi inarudi kwenye midomo yake.

"Nimezidiwa tangu miezi minne iliyopita," mama akasema. "Nikivua, naweza kukaa kitini saa moja. Nikisimama, siwezi. Mdogo wangu anajua. Nimemwapisha."

"Na mwanao?"

"Mwanangu amelala mchana miaka kumi na moja kwa ajili ya mikate ya watu. Sasa amepata kazi ya mchana, ya kuheshimiwa, akavae shati safi. Ananiuliza kila asubuhi, mama, niende? Namwambia nenda. Akijua masaa ishirini, atafungua lile sanduku." Akavuta pumzi. "Wewe andika friji. Sema friji bovu, linakula sana. Uweke betri kubwa, mimi nitumie, yeye aende. Nani ataumia?"

Mama Wati akaketi ukingoni mwa kitanda. Alimkumbuka mama yake mwenyewe, aliyemwambia kwenye simu "sijambo" miaka mitatu mfululizo, naye yuko juu ya ngazi, bisibisi mdomoni, anasema haya mama, nitakuja. Alipokuja, alikuja kuzika. Hakuwahi kumsamehe mama yake kwa ile sijambo. Wala yeye mwenyewe hakujisamehe kwa kuiamini.

"Siandiki friji," akasema. "Daftari langu haliandiki friji pasipo friji."

"Basi niapie humwambii. Nitamwambia mwenyewe, akishafika huko."

Sauti ilikuwa nyembamba mno. Mama Wati aliangalia ile mikono, kucha zake zenye rangi ya samawati.

"Simwambii," akasema, na palepale akatamani ayarudishe maneno yale kinywani.

Hazikupita dakika tano. Mlio mkubwa ukasikika mwisho wa barabara, boom, kama mlango wa lori umebamizwa. Mashine ikapiga kengele ndefu kisha ikanyamaza. Friji jikoni likanyamaza. Transfoma ile iliyokuwa ingoje Alhamisi haikungoja.

Haya, sasa mambo yalianza kwenda mbio. Mama Wati alitoka nje akikimbia, akafungua nyuma ya pikapu yake kuukuu, akabeba betri yake ya kujaribia. Betri ile ina uzito wa mtoto wa darasa la pili, na yeye si msichana tena, lakini aliibeba peke yake mpaka chumbani. Akarudia inveta. Mikono ilijua kazi: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kaza, washa. Mashine ikakohoa, ikapumua. Na kichwani hesabu inakwenda: betri ya saizi hii, ukiacha kinachopotea njiani, inabeba mashine hii saa moja na nusu. Ukiinyonya mpaka ife, labda mbili. Saa yake ya mkono ilisema tisa na dakika ishirini na tano.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Mwoka mikate, macho mekundu, jasho shingoni. Feni yake ilipokufa, joto lilimwamsha.

"Umeme umekatika? Fundi, umefika saa ngapi?" Akaona betri, akaona waya. "Kuna nini?"

"Fundi anajaribu vyombo vyake," mama akawahi.

"Najaribu," Mama Wati akaitikia. Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza kazini kwa miaka ishirini na miwili, na ulimkaa mdomoni kama chumvi ya mawe.

"Vizuri, inafanya kazi." Mwoka mikate akatabasamu, maskini, akafurahi kabisa. "Lakini izime, tutunze betri. Mama ameshatumia mawili yake ya asubuhi. Haya mengine ni ya jioni, na huu umeme hatujui unarudi saa ngapi. Au siyo, mama?"

"Ndiyo, mwanangu. Zima tu." Na kwa mkono wake mwenyewe mama alivua mpira, akabonyeza swichi, akaunyoosha mgongo kitini.

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni, leso imekunjwa mpaka imekuwa ndogo kama kidonge. "Dada," akasema. "Dada, mwambie."

"Aniambie nini?" mwoka mikate akauliza.

"Kwamba anatumia hita yake," mama akasema, akicheka bila sauti. "Mama yako mdogo ana hita. Chini ya kitanda."

"Mama mdogo! Hata wewe!" Na kijana akaanza kumgombeza mama mdogo nusu kwa mzaha, hita, umeme, nilikwambia nini, na mama mdogo hakujitetea, machozi yanamtiririka, na yeye akadhani ni ya hita. Mama Wati hakuwa anamsikiliza yeyote. Alikuwa anayatazama mabega ya mama, yanavyopanda na kushuka. Dakika tatu. Dakika sita. Chumba kilikuwa na joto na mama alikuwa anaulizwa maswali na kuyajibu kwa neno mojamoja: ndiyo, hapana, baadaye. Dakika tisa. Midomo ikaanza kugeuka. Alisema anaweza kukaa saa moja; labda siku nyingine, asipokuwa na hofu, asipokuwa ameongea. Leo hakuwa na saa moja.

Nimeapa, Mama Wati alijiambia. Nimempa neno langu, mwanamke mzima. Na mwanamke mzima anakufa mbele yangu kwa adabu, amechana nywele.

"Wewe!" akamkatiza mwoka mikate, kwa ukali mpaka wote wakashtuka. "Acha hita. Ukienda, nani atakuwa anajua vyombo hivi? Njoo huku nikufundishe kusoma. Piga magoti. Nyuma hapa. Unaona kidirisha?"

"Fundi," mama akasema. Ilikuwa amri, na ilikuwa ombi.

Mama Wati hakugeuka. "Hicho kinahesabu masaa ambayo mashine imewaka. Kinasemaje?"

"Elfu nne mia mbili thelathini na nane."

"Jana saa tisa nilikinakili. Soma mwenyewe." Akampa daftari, kidole kwenye mstari.

"Elfu nne mia mbili na kumi na nane." Mwoka mikate akacheka kidogo, mtu aliyeona kosa dogo la karani. "Hapana, hapa umekosea, fundi. Ingekuwa ishirini na mbili. Hii tofauti ni masaa ishi—"

Hakulimaliza. Mtu anayepima unga kila usiku wa maisha yake hakosei kutoa. Alitazama kidirisha. Alitazama daftari. Alitazama blanketi lililokunjwa mara nne. Kisha, akiwa bado amepiga magoti, akageuza kichwa na kumtazama mama yake usoni, na safari hii alimtazama kweli.

"Mama!"

Alikuwa ameshasimama kabla neno halijaisha. Alibonyeza swichi, akamvika mpira kwa pupa hata akamkwaruza shavu. Mashine ikapumua. Mama alifumba macho, akawa anavuta, anavuta, mwanawe amemshika mabega.

"Imebaki saa moja na robo ya betri," Mama Wati akasema hatimaye. Alikuwa anamwogopa mama, kwa hiyo aliongea na saa yake. "Umeme haurudi leo, transfoma imelipuka. Zahanati ina mitungi ya oksijeni?"

"Ipo."

"Unajua kuendesha?"

"Nilisambaza mikate miaka miwili."

Akamtupia ufunguo. "Gia ya pili inagoma, usibembelezane nayo. Kimbia!"

Sasa fikiria hiyo saa. Mama Wati aliketi sakafuni kando ya betri, kipimo cha volti mkononi, akiangalia namba zinavyoshuka. Kumi na mbili na nukta moja. Kumi na moja na nukta tisa. Mama mdogo alimpepea dada yake kwa kifuniko cha boksi. Mama hakufumbua macho wala hakumsemesha fundi, mpaka ilipofika saa kumi na dakika ishirini.

"Uliniapia," akasema.

"Niliapa simwambii. Sikumwambia."

"Usinifanyie ujanja wa daftari lako."

"Ni kweli, mama," Mama Wati akasema. "Nimekuvunjia neno. Nisamehe, au usinisamehe. Mimi mama yangu alinificha mpaka nikamzika, na sikupewa hata nafasi ya kukasirika naye. Huyu wako nimempa."

Mama akageuzia uso ukutani.

Saa kumi na dakika arobaini na tano inveta ikaanza kulia, pii, pii, pii, kilio chake cha kuonya kwamba betri inakata roho. Mama mdogo akaanza kuomba kwa sauti. Mama Wati alizima taa ndogo ya inveta, akakaza viungio kwa vidole vitupu, kana kwamba umeme unaweza kubembelezwa. Pii, pii. Kumi na nukta nane. Alihesabu dakika kwa midomo. Kijasho kilimtoka hata miwani ikateleza puani.

Kisha gia ya pili ya pikapu ikasikika kona ya barabara, ikipiga kelele kama mbuzi. Hakuna siku aliyoupenda mlio ule kama siku ile. Mwoka mikate aliingia na mtungi begani, muuguzi wa zahanati nyuma yake na viatu mkononi, maana alikimbizwa hata hakupewa nafasi ya kuvivaa. Dakika mbili baadaye mpira wa mama ulikuwa umehamia kwenye mtungi, unatoa sauti nyembamba ya hewa. Inveta ikalia mara ya mwisho ikazima. Mama Wati akaegemeza kichwa ukutani akacheka, kisha akagundua kwamba halikuwa cheko.

Muuguzi alipoondoka, jua lilikuwa limeshuka hadi usawa wa dirisha. Mwoka mikate aliketi ukingoni mwa kitanda. Saa yake ya kwenda kazini ilikuwa inapita na hakuiangalia.

"Miezi mingapi, mama?"

"Minne."

"Na mimi nalala hapo uani. Hatua kumi."

"Ndiyo maana ya blanketi," mama akasema. "Nenda zako Jumapili. Nakuomba. Mimi nimeshaishi. Usinifanye niwe mzigo wa—"

"Basi, mama."

"Miaka kumi na moja, mwanangu, na hilo tanuri!"

"Mama, basi." Hakupaza sauti. Alichukua daftari kutoka mapajani mwa Mama Wati, akafungua ukurasa wao, akauliza penseli iko wapi. Akafuta ile nne ya mashine kwa kifutio mpaka karatasi ikakwanguka, akaandika ishirini na nne. Kisha kidole chake kikashuka, mstari kwa mstari, sebule, jikoni, kwa mama mdogo, mpaka kwenye ule mstari mtupu.

"Fundi," akasema. "Na hiki chumba cha uani."

"Nikifanyeje?"

"Kihesabu. Taa moja. Feni usiku, maana nitaomba zamu ya mchana." Akafikiri. "Na soketi moja kwa simu, aniite."

Mama alipiga godoro kwa kiganja, mara moja, mara mbili, bila nguvu. "Mjinga wewe," akasema. "Mjinga, mjinga." Lakini mkono uliokuwa unapiga uliushika mkono wa mwanawe, ukaganda hapo, na hakuuachia hata mama mdogo alipoleta uji.

Mama Wati akavaa miwani. Taa moja, wati tisa. Feni, wati sitini. Soketi moja. Akatoa kalamu ya wino.